Kutoka Tembe hadi Chumba cha Kupanga: Historia Fupi ya Kuhama na Bei ya Nyumba Kwetu



Kila mwaka kitabu hiki hutenga kurasa chache za historia kabla ya ripoti ya mapato na fomu za ahadi. Mwaka huu kurasa hizo zinahusu nyumba. Mwaka 2019 serikali iliziagiza halmashauri zilizokuwa na ofisi nje ya maeneo yao ya utawala zihamie kwa wananchi zinaowahudumia. Halmashauri ya Wilaya ya Singida, ambayo miaka yote ilikuwa na ofisi mjini Singida, ikaja Ilongero. Tangu hapo, tukikutana nyumbani kwenye msiba au harusi, zikiisha salamu na habari za mvua, haichukui muda mtu atauliza kiwanja cha karibu na barabara sasa kinauzwaje, na chumba kinapangishwa kwa shilingi ngapi.

Swali hilo ni jipya kwetu, lakini jambo lenyewe ni la zamani kuliko wengi wanavyodhani. Bei ya nyumba popote hupandishwa na kushushwa na watu wanaohama: wanaokuja, wanaoondoka, na wanaohamishwa. Warimi, yaani Wanyaturu, tumepitia hali zote tatu. Kwa muda mrefu sisi ndio tuliokuwa wageni katika miji ya wengine na tukalipa kodi huko. Sasa wageni wanakuja kwetu. Ni vizuri tujue tulikotoka kabla hatujaamua nini cha kufanya na viwanja vyetu.

Tuanze na tembe. Wasomaji waliozaliwa mjini wanaweza kudhani tembe ni nyumba ya mtu asiye na uwezo wa kununua bati. Sivyo. Kanda yote ya kati, kwa Warimi, Wanyiramba, Wagogo na Warangi, tembe lilikuwa jibu la akili kwa mazingira yaliyopo. Miti ya kujengea ilikuwepo, nyasi ndefu za kuezekea zilikuwa adimu, upepo wa Singida unaujua mwenyewe, na mifugo ilihitaji kulala salama. Nguzo nene, boriti juu yake, fito, kisha udongo uliosindiliwa. Ndani kuna ubaridi mchana na joto usiku. Juu ya paa unaanika mtama na uwele. Majirani walijenga pamoja na wakanywa pombe pamoja kazi ilipokwisha.

Nyumba hiyo haikuwa na bei. Hakuna aliyeiuza wala aliyeipangisha. Kilichokuwa na thamani ni kilichoizunguka: shamba lililolishwa samadi mwaka baada ya mwaka. Harold Schneider, mwanaanthropolojia wa Kimarekani aliyeishi Unyaturu mwaka 1959 na 1960, aliandika kitabu kizima mwaka 1970 juu ya uchumi wa Wahi, ndugu zetu wa kusini, na kiini chake ni uhusiano kati ya nafaka na ng'ombe. Ng'ombe hutoa samadi, samadi hutoa nafaka, nafaka ya ziada hununua ng'ombe. Kwa hiyo mahali pa familia palikuwa pazuri kwa sababu ya kilichowekwa ardhini na waliotangulia, na mgeni aliyetaka kukaa alihitaji kupokelewa na watu wa mahali, si kulipa.

Kilichoingiza fedha kwenye nyumba ni serikali ya Wajerumani. Amri yao ya kodi ya nyumba ilitolewa mwaka 1897 na kuanza kutumika mwaka 1898: nyumba ya kawaida ya shambani ilitozwa rupia 3 kwa mwaka. Kwetu ilifika baadaye kidogo, utawala wao ulipoenea bara. Waingereza nao wakaendelea na kodi ya nyumba, wakaongeza kodi ya kichwa kwa wanaume wasio na nyumba yao. Hapa naomba msomaji aitazame lugha yetu. Kiswahili kinatumia neno moja, kodi, kwa fedha unayoipa serikali na kwa fedha unayompa mwenye nyumba. Nadhani babu zetu hawakuona ajabu yoyote. Zote mbili ni fedha unayodaiwa kwa sababu una mahali pa kulala, na zote mbili zinakutaka uende kuitafuta mbali.

Na walikwenda mbali. Mwenye ng'ombe aliweza kuuza mmoja akalipa. Asiye na ng'ombe, au aliyepoteza mifugo kwa ukame, alichukua njia ya mashamba ya wazungu kaskazini, au mkonge wa Tanga na Morogoro. Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge waliunda ofisi yao ya kuajiri, maarufu kwa jina la SILABU, ikakusanya vijana kutoka mikoa ya ndani kwa mikataba. Hao ndio manamba. Manamba hakupanga chumba. Alilazwa katika nyumba za laini za kampuni, wanaume kadhaa chumba kimoja, na mkataba ukiisha kitanda kinakwenda kwa mwingine. Mwajiri alipenda hivyo. Mfanyakazi asiye na nyumba pale alipo hawezi kubaki akadai mshahara mzuri zaidi.

Waliochoka na laini walikwenda Dar es Salaam, na huko ndiko watu wa bara walikojifunza biashara ya chumba. Wajerumani waliupanga mji kwa rangi: Uzunguni, Uhindini, na Kariakoo kwa Waafrika, ambayo ilianza kuchorwa viwanja karibu na Vita Kuu ya Kwanza na kupata jina lake kutokana na kikosi cha wapagazi wa vita hivyo. Waingereza wakaendeleza mgawanyo huo. Kariakoo ilijengwa kwa nyumba ile wote tunayoifahamu: ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, ua nyuma wenye jiko na choo, baraza mbele. Mwenye nyumba analala chumba kimoja au viwili, vilivyobaki anapangisha. Mtu hakuhitaji kuwa tajiri kuwa mwenye nyumba, alihitaji kuwahi kufika. Aliyepata kiwanja mapema aliishi kwa kodi ya waliokuja nyuma yake. Wamo akina mama wengi, wajane na walioachika, ambao nyumba ya vyumba sita ilikuwa ndiyo pensheni yao.

Ofisa wa Kiingereza aitwaye J.A.K. Leslie alifanya uchunguzi wa mji huo miaka ya 1950, ukachapishwa mwaka 1963. Anachokieleza kuhusu mgeni wa wakati ule kinafanana na kijana wetu wa leo anayeshuka kwenye basi. Siku za kwanza analala kwa ndugu. Ndugu akimchoka, au yeye akipata kibarua, anatafuta chumba na mwenzake. Baadaye anatafuta chake. Ngazi ni ileile. Kilichobadilika ni umbali: zamani ngazi ilianzia Kariakoo au Ilala, leo inaanzia Mbagala, Gongo la Mboto, Kimara mwisho na kuendelea.

Na haya ndiyo makadirio ya jinsi ngazi hiyo ilivyobanwa. Sensa ya mwaka 1967 ilihesabu watu wasiofika 300,000 Dar es Salaam. Sensa ya 2002 ikahesabu karibu milioni 2.5, ya 2012 milioni 4.36, ya 2022 milioni 5.38. Mtu hufika kwa basi la asubuhi. Chumba hakijengwi kwa siku moja. Nafasi iliyo kati ya mambo hayo mawili ndiyo kodi inayopanda, na kila aliyewahi kutoa kodi ya miezi sita au mwaka mzima mkononi, kabla hata hajapata mshahara wa kwanza, ameilipia nafasi hiyo.

Serikali ya Uhuru haikukaa kimya. Shirika la Nyumba la Taifa liliundwa mwaka 1962, miongoni mwa mashirika ya umma ya mwanzo kabisa, likabomoa vibanda na kujenga nyumba mpya. Mwaka 1967 Azimio la Arusha likamkataza kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha. Mwaka 1971 majengo yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 yaliyopangishwa yalitaifishwa, mengi yakiwa ya Waasia. Nia ilikuwa nzuri kwa mpangaji, na nitasema hivyo bila kumung'unya maneno: waliokuwa na bahati ya kuingia nyumba za Shirika au za Msajili wa Majumba walikaa kwa kodi nafuu miaka mingi. Lakini watu hawakuacha kuhamia mjini. Mwenye fedha aliogopa kujenga nyumba kubwa ya kupangisha, na mtumishi aliogopa kuonekana nayo. Kazi ya kuwalaza mamia ya maelfu ikaangukia nyumba ndogo za watu wadogo katika maeneo yasiyopimwa: Manzese, Buguruni, Vingunguti, Tandale. Watu wetu wengi walikaa huko. Mwaka 1991, kwa maamuzi ya chama yaliyofanyika Zanzibar, kiongozi akaruhusiwa tena kupangisha nyumba, na mwaka 2005 sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ikafutwa. Tangu wakati huo bei ni makubaliano ya mwenye nyumba na mpangaji, na dalali katikati.

Turudi nyumbani. Wakati ndugu zao wakipanga Manzese, waliobaki walihamishwa. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi katika vijiji sasa ni amri, na kwamba ifikapo mwisho wa 1976 kazi iwe imekamilika. Kaya zilizokuwa zimetawanyika, kila moja na uwanda wake, zilisogezwa zikapangwa mistari. Faida zilikuwepo: shule, zahanati, kisima. Hasara kubwa kwa Mrimi haikuandikwa kwenye hesabu yoyote, nayo ni samadi. Familia iliyohama kilomita chache tu iliacha nyuma ardhi iliyorutubishwa na vizazi vitatu ikaanza upya kwenye udongo mbichi. Thamani yote ya makazi ya zamani ilikuwa katika kitu kisichobebeka. Wazee wengine walirudia mashamba yao ya mahame kimyakimya, na mashauri ya mipaka yaliyozaliwa wakati ule yapo hadi leo katika mabaraza.

Jambo moja zaidi lilitokea katika kupangwa kwa mistari. Kwa mara ya kwanza nyumba ikawa na sehemu ya mbele na ya nyuma, yaani ikatazama barabara. Aliyewekwa mstari wa kwanza hakujua kwamba amepewa mtaji. Wajukuu zake sasa wanajua.

Kama mtu anataka kuona kinachoweza kutupata, asiende mbali. Apande basi la Dodoma. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ni wa mwaka 1973, na mwaka huohuo ikaundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA, ikakabidhiwa ardhi yote ya mji. Lakini wahamiaji waliotarajiwa hawakuja kwa wingi. Kwa zaidi ya miaka 30 Dodoma ilikuwa na ramani nzuri na watu wachache wa kupanga nyumba. Chuo Kikuu cha Dodoma kilipoanza mwaka 2007 wanafunzi wakaleta uhai, nyumba za vyumba vya wanafunzi zikaota. Kisha Julai 2016 Rais Magufuli akatangaza kwamba serikali inahamia kweli. Waziri Mkuu akatangulia mwaka huohuo, wizara zikafuata, Mtumba ikawa Mji wa Serikali. Idadi ya watu katika Jiji la Dodoma ilikuwa 410,956 mwaka 2012. Mwaka 2022 ilikuwa 765,179.

Kila aliyekuwa Dodoma miaka ile anakumbuka kilichotokea kwenye kodi. Nyumba iliyokuwa inasubiri mpangaji mwaka mzima ilipata watatu kwa siku moja. Wenye nyumba waliokuwa wakipokea kodi ya mwezi mmoja mmoja wakaanza kutaka ya mwaka. Wapangaji wa zamani, mafundi, wauza mboga, walimu wa shule za msingi, walisogezwa pembeni ya mji kuwapisha watumishi wa wizara. CDA yenyewe, iliyokuwa imelalamikiwa sana na wananchi kwa masuala ya viwanja na fidia, ilivunjwa Mei 2017 na kazi zake zikaenda kwa manispaa.

Lakini kodi ya vyumba ni habari ya miaka michache, kwa sababu watu walijenga na vyumba vikaongezeka. Habari ndefu ni ya ardhi. Vijiji vya Wagogo vilivyouzunguka mji, Nzuguni, Ihumwa, Iyumbu, Mtumba na vingine, vilikuwa mashamba ya uwele na zabibu. Familia iliyouza ekari zake mapema kwa bei ya shamba, kwa sababu ya ada ya shule au ugonjwa, iliona ardhi ileile ikikatwa viwanja na kuuzwa kwa bei ya mjini na mtu mwingine. Familia iliyouza kipande kimoja, ikajenga vyumba kwenye kingine, bado inapokea kodi. Sisemi kwamba wa kwanza walikuwa wajinga. Mtu mwenye mtoto hospitalini hawezi kusubiri mji ukue. Ndiyo maana jambo hili linahitaji umoja, si hekima ya mtu mmoja mmoja.

Ujio wa watu una aina zake, na aina mbili zinafaa kutajwa kwa kifupi. Ya kwanza ni Arusha. Mahakama ya Umoja wa Mataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda ilipopewa makao Arusha mwaka 1995, wageni wenye mishahara ya dola walihitaji nyumba kubwa, na Njiro na maeneo mengine yakajengwa kwa ajili yao. Mahakama ilifunga kazi mwisho wa 2015. Wenye nyumba waliojenga kwa kipimo cha mgeni mmoja tajiri walibaki wakitafuta wapangaji wengine kwa nyumba ambazo mwalimu wa Arusha hawezi kuzilipia. Ya pili ni Eastleigh, Nairobi. Eneo hilo lilikuwa la makazi ya Waasia kwa sehemu kubwa, nao wakaanza kuhama baada ya uhuru wa Kenya. Baada ya serikali ya Siad Barre kuanguka Januari 1991, Wasomali waliokimbia vita walifikia huko kwa wenzao. Jengo la kulala wageni lililoitwa Garissa Lodge likawa maarufu kwa sababu wageni walianza kuuza bidhaa vyumbani mwao, hadi likageuka soko kamili. Majengo mengine yakaiga. Kodi zikapanda sana, lakini hawa wageni hawakuondoka. Walijenga mji wa biashara ambao Nairobi nzima inanunua humo.

Ilongero inapata wageni wa aina gani? Kwa sehemu kubwa ni watumishi: maofisa wa halmashauri, walimu, wauguzi, matabibu. Hawa wana mshahara wa kila mwezi, hawana shamba hapa, na wanaweza kuhamishwa kesho. Nyuma yao wanakuja wanaowafuata: mama lishe, fundi simu, kinyozi, dereva wa bodaboda, wakala wa fedha. Hawa wa pili hawalipwi na serikali lakini mara nyingi ndio wanaokaa. Wapo pia wafanyabiashara wa alizeti, vitunguu na kuku, ambao kwa muda mrefu wameifuata barabara hii ya Singida kwenda Haydom, na wagonjwa na ndugu zao wanaokwenda hospitali ya Kilutheri ya Haydom, ambayo imekuwa ikipokea watu wetu tangu miaka ya 1950. Kwa njia ya barabara sisi hatukuwahi kuwa pembezoni kama tunavyojidhania.

Sasa angalia hesabu ya mtumishi aliyepangiwa kituo cha Ilongero. Ana njia mbili. Anaweza kupanga hapa, au kupanga Singida mjini na kuja kila asubuhi. Zamani serikali ilimpa mtumishi nyumba. Lakini kuanzia mwaka 2002 iliuza nyumba zake nyingi mijini kwa watumishi waliokuwa wakiishi humo, na huku vijijini nyumba ya mwalimu au mganga ikiwepo mara nyingi ni moja kwa watu watano. Kwa hiyo anatafuta mwenyewe. Akikuta Ilongero chumba chenye sakafu ya saruji, umeme, maji uani na mlango unaofungika, kwa kodi isiyopita ya Singida ukiondoa nauli, atakaa. Akikuta chumba kibovu kwa bei ya mjini, na mwenye nyumba anayetaka kodi ya mwaka, atapanda gari kila jioni. Kodi yake itakwenda Singida. Soko lake la nyama, mkaa na mboga litakwenda Singida. Na mama anayeanza uchungu saa nane usiku atamkuta mlinzi.

Hapo ndipo penye uzito wa jambo lote kwa chama chetu. Tukizungumzia bei ya viwanja huwa tunazungumza kama wauzaji. Tunasahau kwamba sisi pia ni wapokeaji wa huduma ya huyo mpangaji. Kodi ikipanda upesi kuliko ubora wa vyumba, tunaopoteza ni wagonjwa wetu na wanafunzi wetu.

Kuna kundi la tatu ambalo halitajwi kwenye vikao, nalo ni sisi wenyewe tulio mbali. Ukipita Ilongero na vijiji vya jirani, Mtinko, Merya, Msange, utayaona mapagale: kuta za tofali za kuchoma zilizofika kwenye lenta na kusimama, mengine nyasi zimeota ndani. Mengi ni ya watu walio Dar es Salaam, Arusha, Mwanza, ambao kila mwaka huongeza kidogo wanachopata. Huo ni mtindo wetu wa kuweka akiba, na hauna aibu. Benki ya nyumba ya taifa ilifilisika mwaka 1995 na mikopo ya nyumba kwa mtu wa kawaida bado ni hadithi. Lakini pagale lina upande wake katika soko. Limekalia kiwanja, limekula saruji na kuni nyingi za tanuri, kuni ambazo lazima zikatwe mahali na msitu wa Mgori unajua hilo, na halimlazi mtu. Mji unaweza kuwa na kuta nyingi na vyumba vichache kwa wakati mmoja. Mwanachama mwenye pagale lililofika lenta, akimalizia vyumba viwili tu vya upande mmoja na kuvipangisha, kodi hiyo inaweza kumalizia vilivyobaki. Wazee wa Kariakoo walijenga hivyo.

Kuhusu ardhi, mambo machache ya sheria yanafaa kila familia iyajue, maana madalali wanayajua. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, inaitaka halmashauri ya kijiji iidhinishe ardhi ya kijiji inapokwenda kwa mtu asiye mwanakijiji. Karatasi iliyosainiwa mezani kwa mama lishe, hata ikiwa na mashahidi watano, haitoshi. Sheria hizo za 1999 pia zilitambua rasmi kwamba ardhi yenyewe ina thamani, hata isiyo na jengo, na kwamba anayeondolewa anastahili fidia kamili, ya haki na kwa wakati. Eneo likipimwa viwanja, mwenye asili ana haki ya kuuliza atabaki na vingapi. Swali hilo huulizwa kabla ya kupimwa. Baada ya mawe kuwekwa ni vigumu.

Na mjane au binti wa ukoo asiachwe nje ya kikao cha kuuza. Sheria hiyohiyo inakataza mila inayomnyima mwanamke ardhi, na uzoefu wa Kariakoo unaonyesha nani alijua kuitunza nyumba.

Maoni yangu juu ya mfuko wa mwaka huu ni haya, na wanachama watayajadili kwenye mkutano mkuu. Tusijenge ukumbi wa pili wa harusi. Tujenge nyumba moja ya vyumba sita vya wauguzi na walimu, vyumba vya kawaida vyenye ua, tangi la maji ya mvua na umeme, kila chumba na Luku yake. Tujenge kwa tofali zisizochomwa kwa kuni, zile za kushindilia udongo na saruji kidogo kwa mashine ya mkono. Bibi zetu walishindilia udongo juu ya tembe miaka mingi kabla mashine hiyo haijafika, kwa hiyo hatuanzi na kitu kigeni. Kodi ilipwe mwezi kwa mwezi, ibaki chini kidogo ya bei ya Singida mjini, na iingie kwenye akaunti ya chama kwa ajili ya nyumba inayofuata. Kiwanja kiwe kwa jina la chama kabla ya tofali la kwanza, na muhtasari wa kijiji wa kukubali uwe umesomwa hadharani.

Fomu ya ahadi iko ukurasa unaofuata. Anayependa kutoa mabati, saruji au siku zake za ufundi badala ya fedha, aandike hivyo katika nafasi ya chini ya fomu; mhazini ataithamini kwa bei ya duka la Singida na kuiingiza kwenye daftari kwa jina lake.